Blenheim Palace kwa anayetaka kuelewa vyeo vya kurithi vya Spencer-Churchill

Ukitaka kuona kwa macho yako jinsi cheo cha kurithi cha Kiingereza kinavyotoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, nenda Blenheim. Yapo majumba ya makabaila yenye vyeo vikongwe zaidi, lakini hapa sheria yenyewe ya urithi imechongwa kwenye jiwe uwanjani, na sanamu ya kijana ambaye kifo chake kilifanya sheria hiyo itungwe iko kanisani, ndani ya uzio huohuo. Kasoro ni moja tu: njia wanayopitishwa wageni haikupangwa kufundisha jambo hili. Ukiifuata kama ilivyo utakutana na duki wa tisa wa Marlborough (duki ndicho cheo cha juu kabisa cha kabaila, na maduki wa Marlborough ndio wenye Blenheim) kabla hujajua wa pili alikuwa nani, na huyo wa pili alikuwa mwanamke.

Jumba liko Woodstock, Oxfordshire, kilomita 13 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Oxford. Limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987. Wengi huja kwa ajili ya Winston Churchill, aliyezaliwa humo tarehe 30 Novemba 1874, na wengi huondoka wakiamini alikuwa Lord, yaani kabaila mwenye cheo. Hakuwa, na sababu yake utaiona mwenyewe ukilizunguka jumba kwa mpangilio mzuri.

Anzia nje, kwenye Nguzo ya Ushindi. Toka mbele ya jumba, vuka Daraja Kuu juu ya ziwa, kisha panda mteremko ule wa malisho ya kondoo. Kwa mwendo wa kawaida haizidi dakika 20. Nguzo ina urefu wa mita 41, na juu kabisa amesimama John Churchill, duki wa kwanza, amevalishwa kama jemadari wa Kiroma. Kwenye kitako, upande unaotazama jumba, pamechongwa habari za vita alivyoshinda. Karibu kila anayefika hupiga picha hapo akageuka kurudi. Wewe zunguka nyuma. Pande tatu zilizobaki zimejaa maandishi ya sheria za Bunge zilizompa duki na warithi wake mali hii na kupanga urithi wa vyeo vyake. Kiingereza chake ni cha miaka 300 iliyopita, kila sentensi ndefu kupita kiasi, na mistari ya juu huwezi kuisoma kwa jicho tupu. Beba darubini ndogo, au simu yenye kamera inayovuta vizuri, upige kila upande vipande vipande, usome baadaye. Viatu viwe vya kukanyagia nyasi mbichi.

Kwa nini familia ichonge sheria kwenye nguzo? Fuata tarehe. John Churchill alizaliwa 1650 na alipanda ngazi ya vyeo (kutoka chini: baroni, vaikaunti, eli, markizi, duki) hatua kwa hatua: 1682 akawa Lord Churchill wa Eyemouth, cheo cha Scotland, 1685 Baroni Churchill wa Sandridge, 1689 Eli wa Marlborough, na Desemba 1702 Malkia Anne akampa viwili kwa mpigo, Markizi wa Blandford na Duki wa Marlborough. Hati ya kifalme ya cheo cha namna hii kwa kawaida husema kiende kwa uzao wa kiume wa mwenye cheo, mtoto wa kiume hadi mtoto wa kiume. Februari 1703, miezi miwili tu baada ya kupata uduki, mwanawe wa pekee aliyekuwa hai, John, Markizi wa Blandford, alikufa kwa ndui huko Cambridge akiwa na miaka 17. Wakabaki mabinti wanne: Henrietta, Anne, Elizabeth na Mary. Kwa kanuni ya kawaida vyeo vyote vingekufa na baba yao.

Kisha ikaja tarehe 13 Agosti 1704, siku alipowashinda Wafaransa na Wabavaria katika kijiji cha Blindheim (Blenheim kwa Kiingereza) kando ya mto Danube, na taifa likawa na deni kwake. Kwa sheria ya 1706 Bunge lilibadilisha njia ya urithi. Isome kama foleni. Mbele wangekaa wana wa kiume wa duki, kama angepata wengine. Wa pili Henrietta, binti mkubwa, kisha uzao wake wa kiume. Wakikosekana, Anne na uzao wake wa kiume, halafu mabinti wengine kwa mfuatano wa kuzaliwa, na baada yao uzao wao wa kike na wa kiume ukiendelea kushuka kwa utaratibu wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba uduki wa Marlborough hauwezi kufa mradi yuko hai hata mtu mmoja wa ukoo halali wa John Churchill. Vyeo vingi vya Uingereza havina kinga hiyo. Mtoto wa kiume akikosekana, vinazikwa.

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Utasikia ikisemwa kwamba kwa Marlborough msichana hurithi sawa na mvulana. Si kweli. Dada mkubwa mwenye kaka mdogo hapati kitu. Mwanamke huingia pale tu ambapo tawi zima la kiumeni lililo mbele yake kwenye foleni limekauka. Kosa la pili ni kudhani sheria ile ilibeba kila kitu. Cheo cha Eyemouth kilikuwa cha Scotland na hakikuguswa. Kilikoma duki alipokufa tarehe 16 Juni 1722. Vilevile Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma alikuwa amemfanya mwanamfalme, akampa Mindelheim huko Bavaria, lakini ardhi hiyo ilirudi kwa Wabavaria mwaka 1714. Kilichobaki ni tai mwenye vichwa viwili, ambaye hadi leo yuko nyuma ya ngao katika nembo ya ukoo. Mtafute kwenye michoro ya ndani. Ukimwona tai huyo, unatazama cheo cha nje ya Uingereza.

Toka kwenye nguzo uende kanisani, upande wa magharibi wa jumba. Wengi huliruka kwa sababu lango lake haliko kwenye mkondo wa vyumba vikubwa. Usiliruke. Kaburi la marumaru lilibuniwa na William Kent, likachongwa na Rysbrack. Linamwonyesha duki na mkewe Sarah pamoja na wana wao wawili waliokufa wadogo. Mmoja wao ndiye yule kijana wa Cambridge. Simama upande wa kushoto, kisha wa kulia, uwatazame watoto hao kabla ya kumtazama duki, maana sanamu ya baba ni kubwa na inayavuta macho yote. Ukishasoma nguzo, kaburi hili linakuwa kitu kingine kabisa. Kwa maoni yangu ndicho kituo chenye uzito kuliko vyote Blenheim, kushinda hata kile chumba cha Winston.

Henrietta alishika uduki mwaka 1722 kwa haki yake mwenyewe. Mwanawe William, Markizi wa Blandford, alifariki 1731 bila mtoto, na Henrietta mwenyewe akafariki 1733. Foleni ikasogea hadi kwa Anne, ambaye alikuwa amefariki tangu 1716. Mumewe alikuwa Charles Spencer, Eli wa Sunderland. Mtoto wao, naye Charles, ambaye tayari alikuwa eli wa tano wa Sunderland tangu 1729, akawa duki wa tatu wa Marlborough. Ndiyo maana Spencer waliingia kwenye nyumba ya Churchill, na ndiyo maana jina la Churchill halikuwa la maduki kwa zaidi ya miaka 80, hadi duki wa tano alipopata kibali cha kifalme mwaka 1817 cha kujiita Spencer-Churchill.

Kuanzia hapo duki ana furushi la vyeo sita: Duki wa Marlborough na Markizi wa Blandford (1702), Eli wa Sunderland (1643), Eli wa Marlborough (1689), Baroni Spencer wa Wormleighton (1603) na Baroni Churchill wa Sandridge (1685). Angalia miaka vizuri: kikubwa zaidi ndicho kichanga zaidi, na kikongwe zaidi ni cha chini kabisa. Furushi hilo lina kamba mbili. Vyeo vya Churchill vinafuata sheria ya 1706. Sunderland na Wormleighton ni vya Spencer na vinafuata njia ya kiumeni tu. Tangu 1733 vimetembea pamoja, lakini kisheria si kitu kimoja.

Watu pia huwachanganya maduki na Earl (yaani eli) Spencer wa jumba la Althorp, ukoo wa Princess Diana. Ni damu moja, matawi mawili. Charles alipochukua urithi wa Marlborough, Althorp iliangukia kwa mdogo wake John. Mtoto wa huyo John alitunukiwa cheo kipya cha Earl Spencer mwaka 1765, na Diana alikuwa binti wa earl wa nane. Kwa hiyo tawi la mdogo lina jina la Spencer kwenye cheo chake kikuu, na tawi la mkubwa lina Blenheim.

Sasa ingia ndani. Ukumbi Mkuu una kimo cha mita 20, na dari yake, iliyochorwa na James Thornhill mwaka 1716, inamwonyesha duki akifunua ramani ya vita mbele ya Britannia, mwanamke anayeiwakilisha Uingereza. Pendeza nayo, kisha endelea hadi Sebule Nyekundu, maana huko kuna somo kamili la vyeo vya heshima. Picha kubwa ya mchoraji Sargent ya mwaka 1905 ina duki wa tisa, mkewe Consuelo Vanderbilt na wana wao wawili. Ng'ambo yake ipo picha ya mchoraji Reynolds ya familia ya duki wa nne. Mwangalie Sargent kwanza. Baba ni duki kwa sheria. Mtoto mkubwa anaitwa Markizi wa Blandford, lakini huo ni mkopo kutoka kwenye furushi la baba; kisheria ni raia wa kawaida mpaka baba afe. Mdogo wake anaitwa Lord Ivor, yaani Lord na jina lake mwenyewe, na hana kitu cha kurithisha. Kama Markizi wa Blandford ana mtoto wa kiume naye hukopeshwa cheo kinachofuata, Eli wa Sunderland. Duki wa tisa mwenyewe alizaliwa 1871 akiwa na cheo hicho, babu yake akiwa duki, na hapo ndipo lilipotoka jina lake la nyumbani, Sunny.

Kanuni za kuwaita zina mitego. Lord Randolph Churchill, baba yake Winston, alikuwa mtoto wa kiume wa tatu wa duki wa saba. Ukimwita Lord Churchill umemtaja mtu mwingine, kwa sababu cheo cha Lord Churchill kipo tangu 1815 katika tawi jingine la ukoo huohuo. Mkewe huitwa kwa jina la mume: Lady Randolph. Binti wa duki, wa markizi au wa eli huitwa Lady na jina lake: Lady Diana Spencer kabla ya ndoa. Na kwa kuwa Lord Randolph alikuwa Lord wa heshima tu, aliruhusiwa kugombea na kukaa katika Bunge la Makabwela. Mwenye cheo kamili alipaswa kukaa Bunge la Malodi. Tangu sheria ya 1999, cheo cha kurithi peke yake hakimpi mtu kiti huko.

Baada ya hapo, chumba alichozaliwa Winston kinaeleweka. Alikuwa mtoto wa mtoto wa kiume wa tatu, kwa hiyo hakuwa hata na Lord ya heshima. Hata hivyo alikaribia kuwa duki. Baba yake alikufa Januari 1895, duki wa tisa hakuwa na mtoto, na kuanzia hapo mrithi aliyefuata alikuwa Winston, mrithi wa aina ile ambayo mtoto mchanga mmoja humwondoa. Mtoto huyo, John, alizaliwa Septemba 1897, ndiye yule Markizi wa Blandford wa kwenye picha ya Sargent, na baadaye akawa duki wa kumi. Miaka kumi baada ya kuondolewa kwenye foleni, Winston alitua Mombasa akiwa naibu waziri wa makoloni, mwanasiasa wa kuchaguliwa. Mwaka 1955 alipewa nafasi ya kuwa duki kwa cheo kipya cha London, akakataa. "Sir" yake ilitokana na nishani ya Garter ya 1953, ambayo hairithiwi.

Vyumba vya fahari vinavyofuata vina mazulia ya ukutani ya vita vya duki wa kwanza, ya kiwango cha juu sana, lakini kwa habari ya vyeo havina mengi. Maktaba Ndefu, yenye mita 55, ina sanamu ya Malkia Anne iliyochongwa na Rysbrack. Yeye ndiye chimbuko la uduki, mpe dakika moja.

Popote utakapokutana na majoho na mataji ya sherehe, hesabu. Taji la duki lina majani manane ya stroberi. La markizi lina majani manne na mipira minne ya fedha. La eli lina mipira minane iliyoinuliwa kwenye ncha, na majani katikati yake. La vaikaunti lina mipira 16 iliyopangana, na la baroni mipira sita. Katika mchoro bapa hauonekani mzunguko mzima, kwa hiyo taji la duki huonyesha majani matano tu, nusu mbili zikiwa pembeni. Usidhani ni taji jingine. Joho la duki lina mistari minne ya manyoya meupe yenye madoa meusi, la markizi mitatu na nusu, la eli mitatu, la vaikaunti miwili na nusu, la baroni miwili. Wasomaji wa Kenya wanaolijua jina la Delamere tangu Naivasha waliweke hapo mwishoni: ni cheo cha baroni cha mwaka 1821, mipira sita, mistari miwili.

Jambo jingine linalofanya ukoo huu uwe mfano mzuri ni kodi ya bendera. Kila mwaka, kwa ajili ya tarehe 13 Agosti, duki hupeleka Windsor Castle bendera yenye maua ya wafalme wa Ufaransa, ikiwa ndiyo malipo yake kwa Taji, yaani kwa mfalme au malkia, kwa ajili ya ardhi ya Woodstock. Hiyo ni kodi ya ardhi, wala haihusiani na cheo. Cheo hufuata sheria ya Bunge. Jumba na mashamba viko chini ya wadhamini wenye kanuni zao. Tenganisha vitu hivyo viwili akilini, maana maelezo mengi ya watalii huvichanganya.

Upande wa tiketi, ipo ya bustani na uwanja tu, na ipo inayojumuisha jumba. Ya uwanja itakufikisha kwenye nguzo lakini haitakuonyesha Sargent, kwa hiyo kwa lengo hili chukua ya jumba, na angalia bei na siku za kufungwa vyumba kwenye tovuti yao kabla ya kusafiri, kwa kuwa sherehe na matengenezo hufunga sehemu. Kutoka London panda treni ya Paddington hadi Oxford, saa moja hivi, kisha basi la Woodstock. Fika mapema, maliza nguzo na kanisa asubuhi, ingia vyumbani baada ya hapo; siku nzima inatosha, nusu siku haitoshi. Mwenye shida ya kutembea anaweza kuiacha nguzo na kuitazama kutoka darajani, ila hatasoma sheria. Watoto wadogo huchoka haraka na habari za urithi, ingawa simba wa mawe wanaomrarua jogoo wa Ufaransa, kazi ya Grinling Gibbons, huwashika kidogo.

Nembo ya ukoo utaiona sehemu nyingi. Maandishi yake ni ya Kihispania, yenye maana ya mwaminifu asiye na bahati. Soma ngao yake kwa robo robo, Churchill na Spencer wakibadilishana, kisha tai nyuma.

Ukirudi nyumbani na unataka kuhakiki nani ana cheo gani leo, usitegemee kitabu cha zamani wala tovuti za nasaba za watu binafsi. Tafuta Roll of the Peerage, daftari rasmi la wenye vyeo lililoanzishwa kwa amri ya kifalme ya 2004. Mrithi asiyeandikishwa humo hatambuliwi kwa cheo chake katika nyaraka za serikali, hata kama nasaba yake haina shaka. Tafuta kwa jina la cheo, Marlborough, wala si kwa jina la ukoo. Warithi wenye vyeo vya mkopo kama Blandford na Sunderland usitegemee kuwakuta kwa majina hayo, kwa sababu kisheria bado ni vyeo vya duki mwenyewe.